Barua Iliyokaa Kwenye Sanduku la Sindano

Kama uko kwenye benchi la hospitali sasa hivi, karatasi ya maabara mkononi na mtoto amelala mapajani pako, soma haya kabla hujaitwa jina. Mimi si daktari wa watu. Nilikuwa daktari wa ng'ombe, tena wa wiki mbili tu, na ujinga wangu ulitoka katika zile wiki mbili. Ningekuwa sijui kitu kabisa, huenda ningeogopa mapema.

Wiki hizo nilizisomea Hola, mradi mmoja ulipokuja kutufundisha wafugaji kuwatibu ng'ombe wetu wenyewe. Nilirudi Minjila na sanduku la bati lenye sindano, chupa za dawa na kitabu cha picha. Tangu siku hiyo Waorma wenzangu waliniita daktari, nami nikaitika bila aibu. Nilikuwa nafunua mdomo wa ng'ombe nikitazama ufizi, napapasa tezi iliyo mbele ya bega, kisha nasema: huyu ana gandi. Ndivyo tunavyouita ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Ufizi unakuwa mweupe, tezi zinavimba, ng'ombe anakonda huku anakula. Sikukosea mara nyingi, na hilo lilinipa kichwa kikubwa.

Jambo moja sikulifanya hata siku moja, nalo ni kumuuliza mtu ana ng'ombe wangapi. Kwetu mali haihesabiwi kwa sauti, wala watoto hawahesabiwi. Ukiulizwa unajibu Mungu ametujalia, basi, na mwenye adabu haulizi tena. Mimi idadi niliijua kimyakimya, kwa kutazama sindano zilizobaki sandukuni jioni.

Binti yetu mkubwa, Maimuna, alikuwa na miaka saba kiangazi kile cha mwaka wa tisini na saba. Kazi yake ilikuwa kuchunga wanambuzi karibu na boma. Kati yao alikuwepo mmoja aliyempenda, mwenye sikio lililochanika, ambaye alimfuata hadi chooni. Basi akaanza kurudi mapema. Alikuwa anakaa kivulini, yule mwanambuzi anamsukuma kwa kichwa, naye hainuki. Alisema miguu inamuuma ndani, kwenye mfupa. Mapajani alitokwa na mabaka ya zambarau, na ndugu zake wakapigwa bure kwa kushukiwa kwamba wanamfinya. Kisha mama yake, Habiba, akaona damu kwenye mswaki wake.

Nilifanya nilichozoea. Nikamfunua mdomo, ufizi ulikuwa mweupe. Nikampapasa shingoni chini ya taya, nikakuta tezi mbili, tatu, ngumu, zinateleza chini ya kidole.

"Ni kama gandi," nikasema.

"Huyu si ndama," Habiba akajibu.

Tukaenda Garsen. Mara ya kwanza zahanati walitupa vidonge vya malaria, vikamwasha mwili mzima akajikuna hadi akatoka damu. Mara ya pili tukapewa dawa ya maji. Mara ya tatu tulimkuta tabibu mtu mzima, mpole, ambaye alimtazama mtoto kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea kutazamwa, akamtoa damu na kutuambia tusubiri. Tulisubiri kwenye benchi la saruji kuanzia asubuhi hadi baada ya adhuhuri. Maimuna alilala, akaamka, akaomba maji, akalala tena. Mimi nilikuwa natembea huku na huku nikiwasalimia watu walionijua kama daktari.

Tabibu alitoka mwenyewe na karatasi. Chini ya namba moja alikuwa amepiga mistari miwili ya kalamu nyekundu.

"Ndugu yangu, hii damu iko na shida," alisema. "Chembe nyeupe ni nyingi kupita kiasi. Hapa mimi siwezi kujua ni nini. Mpeleke Mombasa wapime tena. Nakuandikia barua, usikae nayo."

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu. Mwalimu wetu wa Hola alitufundisha kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Ugonjwa ukiingia, wao ndio wanaoupiga. Nilitazama ile namba yenye mistari miwili, nikaona askari. Wengi. Moyo wangu ukatua. Nyinyi mliokulia mjini labda hamtanielewa, lakini mimi nimekulia zizini, na katika maisha yangu yote sikuwahi kuona kitu kizuri kikiwa kingi halafu mtu akalia. Mvua nyingi, maziwa mengi, ng'ombe wengi, ndiyo dua tunayoombeana. Nikasema mwanangu anapigana na anashinda. Kilichobaki ni kumwondoa mahali penye mbung'o ili asiambukizwe tena, kama tunavyowahamisha ng'ombe. Kwamba gandi ya ng'ombe haimshiki mtoto kwa namna ile, hilo kwenye kitabu changu cha picha halikuwemo, nami sikuuliza.

Nyumbani niliwakusanya nikawaeleza kwa sauti ya mtaalamu. Mama yangu hakujali askari. Alichokasirikia ni kingine kabisa. Aliuliza ni nani aliyewapa ruhusa ya kuhesabu damu ya mtoto, na akamfukizia Maimuna ubani siku tatu mfululizo ili ile hesabu imtoke. Habiba alisikiliza hadi mwisho, mtoto akiwa amemwegemea.

"Kama askari ni wengi hivyo," aliniuliza, "mbona hasimami?"

Mwanamume mwenye akili angesema sijui. Mimi nilimfokea mbele ya mama yangu, nikamwambia asinifundishe kazi. Kisha nikaikunja ile barua mara nne, nikaiweka kwenye sanduku la bati, chini ya chupa, mahali nilipoweka vitu vya maana.

Nikampeleka Bangale, kule juu pakavu, kwa dada yangu, na sanduku langu nikaenda nalo. Huko mbung'o hakuna. Alipewa maziwa ya ngamia asubuhi na jioni, akalazwa kwenye upepo. Na wiki tatu za kwanza, Mungu ni shahidi, alipata nafuu. Alicheka, akala, akamtumia salamu yule mwanambuzi. Niliandika barua kwa Habiba, aliyebaki na wadogo, nikamwambia nilikuwa nimesema. Hilo neno, nilikuwa nimesema, lilikuwa kwenye mstari wa kwanza.

Mwezi wa kumi ukaja na mvua. Si mvua ninayoweza kuieleza kwa mtu asiyekuwepo. Siku ya pili ya mvua Maimuna alianza kutoka damu puani asubuhi, na hadi wakati wa swala ya alasiri haikukatika. Dada yangu alichana leso mbili kuikinga. Nilimbeba ili nimgeuze nikashtuka, maana alikuwa mwepesi kuliko mdogo wake. Nikakumbuka barua. Niliifungua sandukuni, wino ulikuwa bado mzima, neno la mwisho la tabibu likiwa limepigiwa mstari: haraka.

Kutoka Bangale hadi Garsen ni safari ya siku moja kiangazi. Sisi ilituchukua siku kumi na mbili. Lori lilizama kwenye tope tukalala humo, tukapata punda, tukapata trekta. Tulipofika Wenje, mto ulikuwa umetoka kwenye nyumba yake na kuingia kwenye za watu. Mashamba ya Wapokomo yalikuwa maji matupu, vilele vya migomba tu vikionekana. Aliyetupokea alikuwa mzee mmoja ambaye miaka miwili nyuma tuligombana vibaya, kwa sababu ng'ombe niliokuwa nawapeleka kwenye maji walimlia mahindi yake. Alinitambua kabla sijashusha mtoto. Sikujua niseme nini, nikaanza kuomba radhi ya mahindi, akaninyamazisha kwa mkono. Yeye na mwanawe walitushusha hadi Garsen kwa mtumbwi, siku mbili kwa upondo, na alivua koti lake la mvua akamfunika Maimuna. Koti hilo nilimrudishia mwaka wa tisini na tisa. Akakataa kulipokea, akasema mtoto aendelee nalo. Hakuwa na habari, na mimi sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Garsen barabara ya Malindi ilikuwa imekatika. Helikopta iliyoleta chakula cha msaada ndiyo ilikubali kuchukua wagonjwa. Habiba alikuwa ametembea kwenye maji hadi kifuani kutoka Minjila kuja kutukuta, aliposikia tumefika, mdogo mmoja mgongoni, wengine akiwa amewaacha kwa mama yangu. Alimtazama Maimuna, akamchukua kutoka kwangu, na kutoka saa ile hadi Mombasa hakusema nami neno. Maimuna alitazama chini akaona nchi yote imekuwa maji. Aliuliza ng'ombe wetu wamesimama wapi.

Hospitali ya Mombasa sitaitaja, na sina la kuwalaumu. Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, mwenye miwani na sauti ya chini. Walimtoboa Maimuna mfupa wa nyonga kwa sindano nene. Mimi niliyewachoma ng'ombe wasio na idadi nilitoka nje nikashika ukuta. Habiba ndiye aliyemshika. Baada ya siku mbili daktari alituita kwenye chumba chake, akatuuliza tunafanya kazi gani, na nilipomwambia ng'ombe, alifikiri kidogo.

"Baba Maimuna, ana saratani ya damu," alisema. "Zile chembe nyeupe ni nyingi, lakini hazikomai. Hazijui kazi. Zinazaliwa tu, zinajaza nafasi, nyingine zinakosa mahali."

"Kama zizi lililojaa ndama watupu," nikasema.

"Ndama wasiokua. Na wanamaliza majani yote."

Nilielewa. Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi nilielewa kabisa, na kuelewa kwenyewe kuliniuma mwili. Hakuwa na askari hata mmoja mwanangu. Daktari aliishika ile barua, akaikunjua, akatazama tarehe, kisha akatazama kalenda iliyokuwa ukutani. Miezi mitatu na siku chache. Aliibana kwenye faili. Nilimwomba aniambie ukweli, je, ningemleta siku ile ile angepona? Alisema hajui, kwamba ugonjwa huu huwashinda hata wanaowahi. Alikuwa mwema. Lakini hakusema hapana, na mimi neno hilo ndilo nililokuwa nalisubiri.

Baada ya hapo tuliacha kuhesabu miezi. Tulihesabu dawa. Kulikuwa na wakati wa dawa nyekundu iliyoteremka kwenye mpira polepole na kumfanya akojoe mkojo mwekundu, akacheka kwa hofu. Kulikuwa na wakati wa vidonge vidogo vilivyomtia njaa, akawa anaamka kuomba wali. Kulikuwa na wakati wa sindano za mgongo, ambazo wote wodini walizijua kwa kilio cha mtoto wa kwanza aliyeitwa. Nywele zilimtoka zikabaki kwenye mto. Mashavu yakamvimba hadi macho yakawa madogo. Alijitazama kwenye kioo cha nesi, akaniambia, "Abba, sasa mimi ni ng'ombe wa sikukuu." Nikacheka naye, kisha nikaenda msalani nikakaa huko hadi niliposikia naitwa.

Usiku wodini walibaki akina mama tu. Mimi nililala kwa jamaa mmoja Majengo na kurudi baada ya alfajiri. Kitanda cha pili kilikuwa cha Mgiriama mmoja, Mama Kadzo, ambaye mtoto wake aliumwa ugonjwa ule ule. Alimfundisha Habiba kuchanganya uji mwepesi ambao kidonda cha mdomoni hakiukatai, na waligawana mkeka mmoja sakafuni. Nesi mmoja alikuwa na desturi ya kumwacha kila mtoto achague mkono wa kuchomwa. Jambo dogo. Lakini Maimuna alikuwa anafikiria tangu jioni atatoa mkono upi, na hilo lilimpa kitu cha kumiliki. Siku moja nilikuta kitanda cha Kadzo kimetandikwa shuka safi. Maimuna alikitazama, akageukia ukutani.

Kila Jumatatu walimtoa damu, na kila Jumatatu mimi nilisimama dirishani nikingoja namba. Sasa tulikuwa tunaomba ipungue. Nilikuwa najifunza upya, mtu mzima na ndevu zangu, kufurahia upungufu. Iliposhuka mara ya kwanza nilimtumia mama yangu ujumbe kupitia dereva wa basi, barabara ilipofunguka: zimepungua. Jibu lake lilirudi na dereva yule yule. Alisema amefurahi, na sasa waache kuhesabu.

Kuhusu mimi na Habiba, nisidanganye. Watu husema msiba huunganisha. Sisi ulitukalisha kwenye benchi moja, kila mtu na upande wake. Alinipa chai, alinipa majibu ya mtoto amekula nini, amelala vipi. Siku ya sindano ya tatu ya mgongo tulikuwa nje ya mlango, tukisikia Maimuna anaita mama, na hawakutaka tuingie. Habiba alisema akiutazama ule mlango:

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza nini?"

"Nilikuuliza mbona hasimami. Ukanifokea mbele ya mama yako."

Nilisema ni kweli. Mlango ukafunguliwa, akaingia yeye.

Mwezi wa sita wa mwaka uliofuata tuliruhusiwa kurudi nyumbani, tukiwa na mfuko wa vidonge na tarehe ya kurudi. Daktari alisema ugonjwa umelala. Alitumia neno hilo kwa makusudi, hakusema umekufa. Nchi ilikuwa kijani hadi macho yanauma. Nyasi zilifika kifuani mwa ng'ombe, lakini ng'ombe wenyewe walikuwa wachache, maana homa iliyokuja na yale maji iliwafagia. Watu walikuja kuniita, daktari, njoo utazame, nikawaambia mimi si daktari tena. Sanduku lilikaa juu ya dari ya nyumba na sikuligusa. Wengine walinionea huruma, wengine waliniona mwenye maringo.

Miezi ile ya nyumbani ndiyo ninayoikumbuka nikitaka kukumbuka kitu bila kuumia. Nywele za Maimuna ziliota laini, nyeusi zaidi ya zile za kwanza. Yule mwanambuzi mwenye sikio lililochanika alikuwa sasa mbuzi mkubwa, akamtambua, na baadaye akashika mimba. Maimuna aliwacheza ndugu zake shere kwa kuwatoa damu ya uongo kwa mwiba, akiwauliza mkono upi, mkono upi, kwa sauti ile ile ya nesi. Mama yangu alikuwa anampa maziwa ya kwanza ya asubuhi, kabla hata ya mgeni. Hata Habiba alianza kunitazama ninapoongea.

Mwezi wa kumi na moja, mchana, nilikuwa nasokota kamba nje ya boma. Maimuna alikuja akakaa mbele yangu. Alichukua vidole vyangu viwili, akaviweka chini ya taya lake mwenyewe.

"Abba, papasa hapa. Si zimerudi?"

Nilipapasa. Vidole vyangu vilikuwa vimepapasa tezi nyingi mno katika maisha haya, havikuhitaji kuambiwa.

"Sijui," nikamwambia.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo juu ya jambo kama lile, na nililitamka mwaka mmoja na zaidi baada ya kuhitajika. Kesho yake kabla jua halijachomoza tulikuwa tumekaa kwenye kizuizi cha polisi cha Minjila, mtoto, Habiba na mimi, tukisubiri basi na askari wa kulisindikiza dhidi ya majambazi. Hatukusubiri hata kunywa chai.

Namba ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza. Safari hii hakuna aliyeipigia mistari. Daktari alivua miwani, akasema dawa zipo nyingine, lakini ni kali zaidi na hazimpi matumaini, na kwamba uamuzi wowote tutakaofanya yeye hatatulaumu. Nilimgeukia Habiba. Sikumwambia nionavyo, nilimuuliza anaonaje. Akamuuliza Maimuna mwenyewe anataka nini. Maimuna alisema anataka kwenda nyumbani kabla mbuzi wake hajazaa.

Tulirudi. Alikufa katika mwezi wa Ramadhani, asubuhi jua likiwa limepanda kidogo, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama yake na miguu yake mikononi mwangu. Hakulia. Aliuliza kama mbuzi amezaa, tukamwambia bado. Tulimzika siku hiyo hiyo, upande wa boma ambako wanambuzi hupita. Mbuzi alizaa baada ya siku tisa. Siwezi kusema zaidi ya hapo, na wewe unayesoma ukiwa na mtoto mapajani hustahili kulazimishwa kusikia zaidi.

Nitakwambia tu niliyotaka kuambiwa. Namba ya kwenye karatasi si habari njema wala mbaya mpaka anayeijua akueleze, kwa hiyo uliza, na usipoelewa uliza tena hata kama watu nyuma yako wanaguna. Usimsome mwanao kwa kazi unayoijua. Na kama mama yake amekuuliza swali ambalo huna jibu lake, hilo ndilo swali la kwenda nalo kwa daktari. Kuna watoto wa ugonjwa huu waliopona, nimewaona kwa macho yangu kwenye wodi ile ile wakirudi kupimwa, wakubwa, wenye meno mapya. Kwa hiyo wakikuandikia barua ya kwenda mbali, ondoka kesho yake asubuhi.

Agosti iliyofuata, mwaka wa sensa, alikuja bomani kwetu mwalimu mmoja wa kike kutoka Garsen, na fomu kubwa kwenye ubao. Mama yangu alipoona kalamu aliinuka akaingia ndani ili asisikie. Mwalimu alikuwa mwenyeji, anaijua desturi, akaanza kwa kuomba radhi. Aliuliza ya nyumba, ya maji, ya mifugo, nikajibu Mungu ametujalia, akatabasamu na kuruka. Kisha akamgeukia Habiba, akasema sehemu hii ni ya mama na haina budi kujazwa. Amezaa watoto wangapi?

Nilingoja Habiba ajibu tunavyojibu. Alikuwa anapepeta mchele, akauweka chini ungo.

"Wanne," alisema.

Sikuwahi kuisikia namba hiyo ikitamkwa nyumbani kwetu. Mwalimu aliandika. Akatazama uani, ambako watoto watatu walikuwa wanagombania kamba, akasita, kisha akauliza kwa upole kama wote wako hai.

Habiba aliuinua tena ungo. Nikajibu mimi.

"Mmoja alikufa. Anaitwa Maimuna. Alipewa barua ya kwenda Mombasa, nikaiweka kwenye sanduku langu la sindano miezi mitatu. Mama yake aliniuliza, sikumsikiliza. Andika hivyo."

Kalamu ya mwalimu ilisimama. Ndani ya nyumba, tasbihi ya mama yangu nayo ilinyamaza. Habiba alinitazama, usoni, bila kuyaondoa macho, na nikaona kwamba maneno hayo alikuwa ameyasubiri muda wote huo, kutoka kwangu, kwa sauti, mbele ya mtu.

Mwalimu aliigeuza ile fomu anionyeshe. Kulikuwa na kisanduku kidogo cha idadi ya waliokufa, na ndani yake alikuwa ameshaandika moja.

"Samahani, baba," alisema. "Hayo mengine hayana mahali pa kuandikwa hapa."

Basi nimeyaandika hapa.